Kishindo cha Upande wa Pili

Kulikuwa na kitu kimoja tu duniani kilichoweza kumtoa Fundi Saa machozi ya hasira, nacho kilikuwa kishindo kidogo, ko, ko, ko-ko, kilichokaa kwenye upande wa pili wa santuri moja ya zamani. Wenzake waliudhiwa na kodi, na wakwe, na mvua za kushtukiza. Yeye aliudhiwa na kishindo.

Na afadhali basi kingekuwa kinafuata mpigo. Mtu aliyeinamia saa za watu kwa miaka thelathini, lenzi jichoni, huhitaji kumwambia saa ipi inatembea na ipi inachechemea, anasikia tu. Kishindo hiki kilichechemea. Tarumbeta ikiingia nacho kinaingia, unywele mmoja nyuma ya wenzake, na kinaendelea hivyohivyo kuchelewa bila haya mpaka tarumbeta inyamaze. Halafu na chenyewe kimya, kama hakikufanya kitu.

Santuri yenyewe ilikuwa ya Kiberiti Jazi, bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha viberiti, watu waliofungasha njiti siku tano za wiki na Jumamosi wakapiga dansi. Kiwanda kilipokufa, bendi ilikufa nacho. Fundi Saa alikuwa na santuri zao zote, na nyingine kama mia mbili za bendi za jazi za enzi hizo, zimesimama wima kwenye rafu alizozipigilia mwenyewe, kila moja ndani ya bahasha yake. Lakini hizo mia mbili zilikuwa za kujifurahisha. Hii moja ilikuwa ya baba yake.

Baba yake alifariki mtoto akiwa na miezi kumi na moja. Hakuacha picha, hakuacha barua, hakuacha hata shati la kupimishwa mtoto akikua. Mama aliolewa tena na mwanamume mwema, mchapakazi, ila alikuwa na wivu na marehemu, na ndani ya nyumba ile jina la marehemu halikutajwa. Kwa hiyo siku baba wa kambo alipokuwa zamu ya mchana, mama alifunga mlango, akaitoa santuri chini ya nguo sandukuni, akaiweka upande wa pili, akamkalisha mtoto sakafuni na kungoja. Tarumbeta ilipoingia, mama aliinua kidole.

"Baba yako huyo hapo," alimwambia.

Basi. Santuri ikarudi sandukuni, mlango ukafunguliwa, maisha yakaendelea. Mtoto wa miaka saba haulizi maswali juu ya jambo linalofanywa mlango umefungwa. Alipofika umri wa kuuliza, santuri ilikuwa imevunjika katika kuhama nyumba, na mama hakupenda kuizungumzia. Baadaye mama naye akafariki, na Fundi Saa akaikuta bahasha tupu chini ya kanga zake. Kutoka siku hiyo akaanza kuisaka.

Alichotaka kilikuwa kidogo tu, mtu yeyote mwenye huruma angemwelewa. Alitaka kumsikia baba yake akipuliza ile tarumbeta, mara moja, safi, bila mpumbavu asiyejulikana kumgongea gongea juu yake.

Alipata nakala sita kwa miaka kadhaa. Moja ilitoka kwa kinyozi, moja kwa mjane wa dereva, nyingine kwenye soko la vitu chakavu zikiwa zimebanwa katikati ya pasi mbovu na vifuniko vya sufuria. Zote zilikuwa na ko, ko, ko-ko mahali palepale. Hapo akakata shauri kwamba si mkwaruzo. Kosa lilikuwa kwenye bamba la kiwandani lililozichapa. Kwa kuwa yeye ni fundi, na fundi haamini kwamba kuna kitu kisichotengenezeka, alivaa lenzi yake, akachukua sindano yake nyembamba kuliko zote, ile ya kutolea vumbi kwenye saa za kike, akaanza kukikwangua kishindo ndani ya mfereji wa santuri. Nakala ya kwanza ikawa inaruka kutoka tarumbeta hadi mwisho wa wimbo. Ya pili ikapata kigugumizi. Ya tatu ilitoboka.

"Utazimaliza zote," mke wake alimwambia.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, nao walifanya kazi chumba kimoja cha mbele ya nyumba, wametenganishwa na pazia na uvumilivu. Pazia lilikuwa bado zima.

"Nimekaribia," alijibu Fundi Saa, lenzi jichoni.

"Umekaribia kichaa. Na acha kugonga."

"Sijagonga."

"Umegonga! Kisigino chako kinagonga mguu wa meza tangu asubuhi, hata mpigo hakina, mwanamume wewe. Nimepinda mshono wa mtu kwa ajili yako."

Hili lilikuwa shauri la kila siku. Akizama kwenye kazi, kisigino chake kiligonga bila yeye kujua, na mkewe alikuwa ameshasema mpaka ulimi umeota sugu. Fundi Saa aliona anaonewa. Mtu mwenye masikio kama yake angegonga asijisikie?

Ndipo muuza santuri mmoja akamtia moto upya. Alimwambia kwamba zamani, kabla ya kutengeneza lile bamba la kuchapia, kampuni ya kurekodi ilitoa santuri moja ya mfano na kuwapa wanamuziki waisikilize. Ya Kiberiti Jazi ilibaki kwa mpiga saksafoni wao, mzee anayeitwa Pumzi, na mzee huyo yu hai. Fundi Saa alipiga hesabu yake palepale: kama kosa ni la bamba, santuri iliyotangulia bamba haina kosa. Hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Furaha yenyewe haikudumu. Mara ya kwanza alipokwenda, mlango ulifunguliwa na binti wa mzee, mwalimu mkuu mstaafu ambaye alistaafu ualimu ila ukuu hakuustaafu.

"Amelala," alisema. "Umekuja bila taarifa. Njoo Alhamisi, saa nne. Si saa nne na nusu."

Alhamisi saa nne kamili alikuwa pale, na mzee alikuwa macho, amekaa kwenye kochi amevaa koti na kandambili, mwembamba, mashavu yamelegea kwa kupuliza miaka arobaini. Fundi Saa alimwamkia, akauliza habari ya santuri ya mfano. Mzee Pumzi akamsimulia habari ya suruali za bendi. Saa mbili nzima. Nani alizishona, kwa nini zilikuwa na mstari mwekundu pembeni, nani aliikalia yake kwenye rangi mbichi, na jinsi meneja wa kiwanda alivyokataa kutoa nyingine. Kila Fundi Saa alipotaka kumrudisha kwenye santuri, mzee alimwinulia mkono.

"Ngoja, usinikatize, sijafika kwenye mkanda."

Walipofika kwenye mkanda, mzee alikuwa amechoka, na binti akamtoa mgeni nje kama mwanafunzi aliyemaliza adhabu. Fundi Saa alitembea kwenda nyumbani akisema peke yake njiani. Watu walimpisha.

Mara ya tatu alikwenda amejipanga. Alibeba kinanda chake kidogo cha santuri ndani ya mfuko, na ile nakala yake bora ndani ya bahasha mbili. Alikuwa ameapa moyoni kwamba suruali zikitajwa ataondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuliishia kwenye mkanda."

"Mzee wangu," alisema Fundi Saa, akijizuia, "nakuomba kwa heshima zote. Ile santuri ya mfano. Unayo au huna?"

Mzee Pumzi alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kama ana pua.

"Ninayo. Si ungesema?"

Binti akaagizwa chini ya kitanda, akarudi na furushi lililoviringishwa kwenye kitambaa cheusi. Kitambaa kilikuwa suruali. Ilikuwa na mstari mwekundu pembeni, na mzee alipoiona alifungua mdomo, lakini binti yake akamwahi.

"Baba, mgeni hana siku nzima."

Fundi Saa alimpenda mama yule kwa mara ya kwanza.

Aliifuta santuri kwa kitambaa chake laini. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliiweka kwenye kinanda, upande wa pili, akashusha sindano kwa mkono uliozoea kuweka skrubu ndogo kama punje ya mchanga. Magitaa yakaanza. Manyanga yakafuata, yakichakarisha nyuma kwa mbali, halafu saksafoni, na mzee akatikisa kichwa kujipongeza. Fundi Saa alifumba macho. Tarumbeta ikaingia.

Ko, ko, ko-ko.

Alifumbua macho. Ko, ko, ko-ko. Mahali palepale, kuchelewa kulekule. Bamba halikuhusika. Miaka yote ile, na zile safari, na suruali, na mkanda, na kishindo kilikuwa kinamngoja hapa chini ya kitanda kikiwa kimefunikwa vizuri kisipate vumbi.

"Hata hii!" alipiga kelele. "Hata hii nayo!"

Alitaka kulia. Alitaka kuinua kinanda akitupe dirishani. Alipogeuka alimkuta Mzee Pumzi anacheka, kicheko cha kimya kilichomtikisa mabega mpaka kikawa kikohozi, na binti akaja kumpigapiga mgongoni.

"Viatu," alisema mzee alipopata pumzi. "Loo! Nilikuwa nimevisahau viatu vya yule bwana."

"Viatu?"

"Hivyo vinavyogonga. Unadhani ni nini, mdudu?"

Fundi Saa alikaa chini. Mzee, kwa mara ya kwanza, alisimulia jambo aliloulizwa.

Studio ya siku zile, alisema, ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya mbao na kipaza sauti kimoja kinachoning'inia katikati. Mwenye chombo cha sauti ndogo alisimama karibu, mwenye makelele alisimama mbali, na kila mtu alivua viatu mlangoni, kwa sababu mbao zile zilinasa kila unachokanyaga. Bendi nzima ilirekodi kwa soksi, wanaume tisa wananyata kama wezi. Siku hiyo wanane walivua. Mmoja akagoma.

"Mpiga manyanga wetu. Alikuwa na viatu vyeusi, ameng'arisha unajiona uso, na chini ya kisigino kapigilia vyuma ili visilike. Tukamwambia vua. Hataki. Mwenye studio akamwambia vua. Hataki! Tumembembeleza, tumemtukana, wapi. Baadaye kaninong'oneza, soksi zake zote mbili zina matundu, vidole viko nje. Na pale kwenye meza kulikuwa na yule karani msichana anapiga taipu majina ya nyimbo. Asingevua hata ungemchinja."

"Mkamwacha?" Fundi Saa alikuwa amepandwa na hasira upya. Sasa ilikuwa na mtu wa kumwelekea. "Mtu anawaharibia kazi mnamwacha?"

"Tulimpeleka akasimame kule mlangoni, tukamwapisha asiinue mguu. Na alijitahidi, masikini. Upande wa kwanza hakugonga hata mara moja. Huu wa pili pia, umesikia mwenyewe, mpaka tarumbeta ilipoingia. Tarumbeta ile ilikuwa tamu. Akasahau. Na alikuwa hawezi kugonga sawasawa hata siku moja, huyo, daima yuko nyuma kidogo. Manyanga tulimpa kwa sababu hayasikiki sana."

"Si mngerudia!"

"Muda wetu wa studio ulikuwa umekwisha. Wengine wako nje wanangoja na ngoma zao."

Fundi Saa alisimama. Alijua hapaswi kumpandishia sauti mtu aliyekula chumvi nyingi namna ile, nyumbani kwake, mbele ya mwanawe, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mzee, kwa huyo mtu na soksi zake mimi nimeteseka miaka! Nina nakala sita nyumbani. Namtafuta baba yangu, sina kingine chake duniani zaidi ya hicho kipande, na kila nikimpata huyo bwana yuko juu yake anamgongea!"

"Baba yako?" Mzee alikunja uso. "Baba yako ndiye yupi?"

"Aliyepiga tarumbeta."

Binti wa mzee aliweka chini kikombe alichokuwa amekishika.

"Aliyepiga tarumbeta ni mdogo wangu," alisema Mzee Pumzi taratibu. "Tumbo moja. Hakuoa, hakuacha mtoto. Nani kakwambia ni baba yako?"

Fundi Saa alimweleza yote kwa mkato: mlango uliofungwa, sakafu, kidole cha mama. Kisha akamtajia jina la baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile kwa sauti mbele ya mtu aliyewahi kumwita mwenye jina hilo.

Mzee aliinama kumsogelea. Alimtazama usoni, akateremka mpaka viatuni, akarudi juu.

"Mama yako alikuwa anapiga taipu?"

"Alikuwa na mashine nyumbani. Aliwaandikia watu barua."

"Basi ndiye." Mzee aliinua mkono akapangusa jicho kwa kiganja. "Kamuoa mwaka uleule. Sote tulishangaa, msichana mwenye akili zake anamchukua mwanamume asiyejua hata mpigo unaanzia wapi. Mwanangu, huyo baba yako alikuwa hawezi kupuliza hata filimbi ya refa. Baba yako ndiye huyo unayemlalamikia."

Fundi Saa alirudi kwenye kiti. Kitu cha kwanza kilichomjia si huzuni, ni hasira, na ilikuwa juu ya mama yake. Si angesema! Neno moja tu, mguu, viatu, chochote. Anainua kidole na kunyamaza, amwache mwanawe ajitengenezee mwanamume mrefu mwenye kifua kipana na tarumbeta ya dhahabu mkononi, na miaka yote hiyo ni mtu wa manyanga aliyeona haya vidole vyake. Kisha akazikumbuka zile nakala tatu, na lenzi, na ile sindano nyembamba. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amemtafuta baba yake kila soko, na kila alipompata alimkwangua.

"Unaweza kuiweka tena?" aliuliza.

"Weka mwenyewe, kinanda si chako?"

Aliiweka. Safari hii mzee hakucheka. Ilipoisha, Fundi Saa aliishika santuri ya mfano kwa ncha za vidole, akamtazama mzee, na mzee akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Hiyo hapana, mwanangu. Baba yako yumo, lakini na mdogo wangu yumo." Akaivuta kwake, akaanza kuiviringisha kwenye suruali. "Sasa, huu mkanda..."

Akausikiliza mkanda wote, mpaka mwisho. Binti alimwangalia kwa macho ya mwalimu aliyeona mwanafunzi mtukutu amebadilika.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa jikoni. Hakumwita. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka mbele ya rafu, akatoa nakala yake bora na kuiweka upande wa pili. Magitaa yakaja, manyanga yakaja, na sasa aliyasikia, yakichakarisha kule mlangoni, yamejizuia, yanajitahidi. Saksafoni. Tarumbeta.

Ko, ko, ko-ko.

"Acha kugonga, bwana!" sauti ya mkewe ilitoka jikoni. "Leo kichwa kinaniuma!"

Fundi Saa alitazama miguu yake. Ilikuwa imenyooka mkekani, mitupu, imetulia.

"Siyo mimi," alisema.

"Ni nani basi? Tuko wangapi humu?"

Alikuja mlangoni na mikono inayotona maji, tayari kwa ugomvi. Akaiona miguu imetulia. Kishindo kikaendelea, kuchelewa kwake kulekule alikokupigia kelele kila siku ya ndoa yao, akaanza kumtazama mumewe, mara kinanda, mara mumewe.

Fundi Saa aliinua kidole.

"Huyo hapo," alisema.